Kocha akimsifu mwanao, muulize kama jina lake limo kwenye orodha

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, na ninyi mlio nyumbani mnaosaidia watoto kuomba vyuo vya huku, nawaandikia jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Naishi Lowell, Massachusetts, ambako sisi Wakenya tumejaa. Kifungua mimba wangu alikuwa mkimbiaji. Maili moja alikuwa akiimaliza kwa dakika 4 na sekunde 24, na darasani alikuwa wa A mtupu isipokuwa somo moja. Kocha wa chuo kimoja kikubwa akawa anamwandikia karibu kila wiki: hongera kwa mbio za Jumamosi, karibu ututembelee, kaza buti. Nikirudi kutoka zamu ya usiku, sare ya kazi bado mwilini, kijana ananisomea barua zile jikoni huku chai ikichemka. Tukaamini mambo yameiva. Desemba jibu likaja: amekataliwa. Kocha hakuandika tena hata neno moja.

Nilipomsimulia mama mmoja ambaye binti yake anapiga makasia, aliniuliza swali moja tu: "Kocha aliwaambia yumo kwenye orodha?" Sikujua orodha ipi.

Mambo yako hivi. Katika vyuo vyenye ushindani mkali, kila kocha hupewa nafasi chache za wanafunzi anaoweza kuwapigania mbele ya ofisi ya udahili. Kwenye mbio huenda zikawa tano au sita kwa mwaka. Barua atawaandikia watoto mia, kwa sababu hajui nani atamkubali na nani ataenda kwingine. Majina anayoyapeleka udahili ni yale machache tu. Mwanangu alikuwa miongoni mwa wale mia.

Na anayepiganiwa na kocha si mwombaji wa kawaida tena. Kesi dhidi ya Harvard kuhusu udahili wake, iliyosikilizwa mahakamani Boston mwaka 2018, iliweka takwimu za chuo hadharani: kati ya wanamichezo walioitwa na makocha, asilimia 86 walikubaliwa. Waombaji wasio na upendeleo wowote, kama asilimia 6. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipomaliza kesi hiyo Juni 2023 ilipiga marufuku kuzingatia rangi ya mwombaji. Upendeleo wa wanamichezo haukuguswa.

Kwa nini chuo kinachotafuta vichwa vikali kifanye hivi? Nimelifikiria sana swali hili, na kwa maoni yangu jibu kubwa ni hesabu ya kawaida kabisa. Harvard ina timu 42. Williams, chuo kidogo cha wanafunzi kama 2,000, kina timu zaidi ya 30. Timu ya makasia ya watu wanane haiwezi kushuka majini ikiwa imepungua mmoja, na golikipa hapatikani kwa kungoja bahati. Ukishaamua kuwa na timu zote hizo, umeshaamua pia kwamba sehemu kubwa ya viti vya mwaka wa kwanza ina wenyewe. Tena mwanamichezo huomba mapema na huahidi kwamba akikubaliwa atakuja, na vyuo vinapenda sana mtu wa uhakika.

Kuna na mila. Harvard na Yale zilishindana kupiga makasia mwaka 1852, na hayo ndiyo mashindano ya kwanza ya michezo kati ya vyuo nchini humu. Waliohitimu hurudi kila mwaka kutazama timu zao, na wengi wao ndio wanaochangia chuo pesa.

Hapa pananiuma. Watu wakisikia mwanamichezo wanawaza mtoto wa maskini aliyejaliwa miguu. Lakini kuna timu nyingi za makasia, skwoshi, mashua za tanga, mchezo wa vitara, gofu. Mtoto wa kwetu atajifunzia wapi skwoshi? Mlango huu, kwa sehemu kubwa, unawafungukia watoto ambao wazazi wao waliweza kulipia vilabu na makocha wa binafsi tangu wakiwa na miaka minane. Na neno la kocha lina uzito kiasi kwamba mwaka 2019 iligundulika baadhi ya makocha, akiwemo wa soka ya wanawake wa Yale, walikuwa wakihongwa wawapitishe watoto wa matajiri kama wanamichezo.

Ila mbio hazihitaji klabu ghali, na ndipo nasi tunapopata nafasi. Mwaka 2004 Mike Boit, aliyetwaa shaba ya mita 800 Munich 1972, na Mmarekani John Manners walianzisha KenSAP, mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa Bonde la Ufa waliofaulu sana kuingia vyuo hivi.

Kuhusu karo, msichanganyikiwe. Harvard, Yale, Princeton na wenzao watano wa Ivy League, umoja wa vyuo hivyo vinane, hawatoi ufadhili wa michezo. Hayo ndiyo makubaliano yao tangu 1954. Pesa hutolewa kwa kuangalia kipato cha nyumbani. Kwa familia kama yangu hilo ni jema kuliko ufadhili wa michezo, kwani mtoto akivunjika mguu au akiacha mbio, msaada wake hauondoki.

Binti yangu alipofika darasa la 11 na maili yake ya 4:58, hatukungoja kuandikiwa. Kaka yake alikaa naye mezani Februari, wakaandika barua ya mistari sita: muda wake, alama zake, mashindano atakayokimbia, namba ya kocha wake wa shule. Wakaituma kwa makocha 20. Kiangazi wanne waliomba matokeo yake wayapeleke udahili yasomwe mapema. Hiyo ndiyo dalili ya kweli. Kocha asiyeomba matokeo ya darasani bado anapiga soga.

Agosti mmoja wao akapiga simu. Nilikuwa nasonga ugali, nikazima moto, nikamwomba binti aweke sauti ya wote tusikie. Akauliza kama tulivyopanga: "Kocha, una nafasi ngapi mwaka huu, na mimi nimo?" Yule kocha akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ninazo tano. Nne zimejaa. Ya tano ni yako, ukiniambia kabla ya Ijumaa." Nilimtazama kaka yake. Alikuwa ameinamia meza, anaandika jibu lile neno kwa neno nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.