Kabla Hujaikata Sahani ya Santuri, Isikilize

Sahani ya kwanza ya santuri niliyoikata kuwa picha ya ukutani ikatoka vizuri ilikuwa ya inchi 7, na hadi leo inaniuma.

Nilichonga jahazi. Tanga limejaa upepo, na ile karatasi nyekundu ya katikati nikaiacha iwe jua linalozama. Nikaitia kwenye fremu ya mninga, nikaipeleka kwenye maonyesho ya kazi za mikono hapa Dar. Mzee mmoja akasimama mbele yake. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Akatoa miwani mfukoni, akainama, akasoma maandishi ya katikati neno kwa neno. Hakuuliza bei. Aliniuliza, "Mwanangu, hii ilikuwa bado inaimba?"

Sikuwa na jibu. Niliipata ndani ya boksi lenye sahani ishirini, na sikuipiga hata mara moja kabla ya kuitoboa.

Tangu siku hiyo sikati sahani nisiyoisikiliza, na wewe unayetaka kuanza kazi hii nakuomba uanzie hapo. Miaka ya 1970 bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, lakini sahani zenyewe zilichapwa Nairobi, ndipo zikarudi madukani kwetu. Nyingine zimeishia uvunguni mwa vitanda, zikaliwa na vumbi na joto. Sahani ya Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa dansi aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, ikikuangukia mkononi nzima, tafuta mtu wa kuitunza. Usiiguse na msumeno.

Za kukata zipo tele. Mimi natumia zaidi zile kubwa za inchi 12 zilizoingia kutoka Ulaya na Marekani, zilizochapwa kwa wingi mno: disko, nyimbo za Krismasi, Jim Reeves aliyekwaruzwa hadi basi. Kama huna mashine ya kupigia, peleka sahani dirishani uilaze upande upande kwenye mwanga. Iliyo hai inang'aa nyeusi tii. Iliyochoka ina rangi ya majivu kwenye mistari, kwa sababu sindano imeila. Yenye ufa kutoka ukingoni hadi ndani hiyo imekufa, unaweza kuikata kwa moyo mweupe.

Halafu kuna zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Ukiigonga kwa kucha inalia kama sahani ya udongo, na haipindi hata kidogo. Hizo si plastiki. Ni gundi ya wadudu iliyochanganywa na unga wa mawe. Ni za kizazi cha Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Hazikatiki, zinapasuka vipande vipande. Zifunge kwenye kitambaa, uzisimamishe wima, uziache.

Kuhusu moto nitasema bila kuzungukazunguka. Sahani za kawaida ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji. Ukiikata kwa kisu cha moto au kuipeleka kwenye mashine ya leza, inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa koo na macho inakuwa asidi. Mwenye leza anayejua kazi yake atakukatalia, kwa sababu hata mashine yake inaliwa na kutu. Mkono ndio njia.

Natumia msumeno wa sonara, ule wa fremu kama herufi U, wenye bledi nyembamba. Nachora picha kwenye karatasi, naibandika juu ya sahani kwa gundi ya maji, natoboa tundu la milimita 2 kwa drili, napitisha bledi, naikaza mpaka ikiguswa inalia. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanakimbiza. Plastiki ikipata joto inayeyuka na kujifunga nyuma ya bledi, ukitazama unakuta mstari uliokwisha kuukata umeshikana tena. Pitisha bledi kwenye sabuni ya mche kila baada ya muda, vuta polepole, na mahali pa kona zungusha sahani badala ya mkono. Vaa barakoa, ule unga mweusi hautakiwi kifuani. Kingo zisafishe kwa msasa wa maji, ule laini kabisa, lakini karatasi ya katikati ifunike kwanza kwa kipande cha nailoni. Usibandike selotepu juu yake, utaibandua na maandishi yote.

Picha nayo iendane na sahani. Gitaa juu ya sahani ya dansi lina maana. Twiga juu ya nyimbo za Krismasi sijui amefuata nini.

Kwa fundi fremu, usikubali kioo kigandamizwe juu ya sahani. Mwambie aweke vijiti vya mbao vya sentimita moja kati ya kioo na sahani, na kati ya sahani na kitambaa cha nyuma. Nafasi hiyo ndogo ya nyuma inafanya kivuli cha jahazi kianguke kwenye kitambaa, na mbao za chombo zinaonekana kama zinaelea. Mimi naweka kitambaa cha marekani, rangi yake haishindani na weusi. Futa sahani kwa kitambaa chenye unyevunyevu kabla ya kufunga, kwa maana kikavu kinaiongezea umeme tuli na vumbi lote la karakana linaifuata. Na usiitundike ukuta unaopigwa na jua la alasiri, wala usiiache ndani ya gari lililofungwa. Joto la nyuzi 60 na kitu linatosha kuilegeza, na tanga likishajikunja halirudi.

Nyuma ya kila fremu siku hizi naandika kwa penseli jina la bendi au mwimbaji, namba iliyochapwa kwenye sahani, na kasoro iliyonifanya niikate. Lile jahazi la kwanza sikuliuza. Nyuma yake nimeandika jina la bendi na namba tu.