Mpwa wangu, kabla hujauza kiwanja cha Mtwapa

Salamu zako zimefika, pamoja na habari kwamba unataka kuuza kiwanja uje kufanya kazi huku Berlin, na pamoja nazo umefika ule uvumi uliozagaa Mombasa nzima kwamba Ujerumani imewatengea Wakenya nafasi za kazi 250,000, na kwamba mtu anayelipwa euro 2,800 hapa Berlin anaweza kusimamisha nyumba ya ghorofa Mtwapa kwa miaka miwili. Nimeletewa pia maneno yaliyosemwa kwenye harusi ya dadako, kwamba mjomba wenu siku hizi ni mkono wa birika. Nitakujibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu yote mawili yanatokana na kodi ya nyumba.

Hizo nafasi kwanza. Mkataba wa uhamiaji kati ya Kenya na Ujerumani ulitiwa saini hapa Berlin mwezi Septemba 2024, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz. Idadi ya 250,000 ilivuma mara moja, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikaikanusha hadharani, kwani mkataba haukutaja idadi yoyote. Unamrahisishia njia mwenye ujuzi aliyetimiza masharti, na vilevile unarahisisha kuwarudisha nyumbani wasio na vibali, jambo ambalo hao wanaoupigia debe hawakukutajia.

Sasa mshahara. Euro 2,800 ni kabla ya makato. Kwa asiye na mke wala mtoto, baada ya ushuru, bima ya afya, mchango wa uzeeni na mengineyo, hubaki karibu 1,900. Chumba katika nyumba ambayo jiko na choo mnatumia pamoja na wengine ni kati ya euro 600 na 700 kwa mwezi, na kijumba cha chumba kimoja cha peke yako, kwa matangazo ya leo, ni 900 au zaidi. Bei inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni Kaltmiete, ambayo haina ndani yake joto, maji wala uzoaji wa taka. Umeme na intaneti unajilipia mwenyewe. Kila nyumba hutozwa pia euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni ya umma, uwe na televisheni usiwe nayo. Tiketi ya usafiri ya mwezi ilianza kwa euro 49 mwaka 2023, na kufikia 2025 ilikuwa imeshapanda hadi 58.

Bei hizi mtu huzizoea. Kinachoumiza ni kuupata huo mlango wenyewe, na hapa naomba unisikilize vizuri. Sheria inakutaka uandikishe anwani yako katika Bürgeramt, yaani ofisi ya jiji ya kuhudumia wakazi, ndani ya siku 14 baada ya kuhamia, ukiwa na fomu iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Namba yako ya ushuru huletwa kwa posta kwenye anwani hiyo, na mwajiri asipokuwa nayo anaweza kukukata ushuru wa daraja la sita, ambalo ndilo kali kuliko yote. Lakini mwenye nyumba naye, kabla ya kukupa ufunguo, anataka hati za mshahara za miezi mitatu na ripoti ya Schufa, inayoonyesha kama mtu hulipa madeni yake. Wewe uliyeshuka ndege juzi hati hizo utazitoa wapi? Hata jina lako tu ni kazi: nyumba za hapa kwa kawaida hazina namba za milango, mtu wa posta husoma majina, na lako lisipokuwa kwenye sanduku, barua inarudi ilikotoka.

Nilikwenda kuona nyumba Wedding, mtaa mmoja wa hapa Berlin, karibu na Sansibarstraße. Foleni ilianzia ghorofa ya tatu ikateremka ngazi hadi uani kwenye mapipa ya taka, na kila mtu ana faili kwapani. Dalali alituingiza watano watano, huku viatu vyetu vikiacha maji ya theluji sakafuni. Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa jiko, sinki na nyaya za taa zikining'inia darini bila balbu. Bwana mmoja aliyekuwa mbele yangu alibandika juu ya faili lake picha ya familia yake, watoto wamechanwa nywele na kuvalishwa vizuri, kama mtu anayepeleka posa. Sikuipata nyumba ile, na sidhani kama yeye aliipata. Mtaa huo, kwa taarifa yako, umejaa majina ya kwetu: kuna Ugandastraße, na mwaka 2024 sehemu ya barabara iliyopewa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, zama za Wanazi iligeuzwa kuwa Maji-Maji-Allee. Heshima hiyo naipokea, ila haikupunguza kodi hata senti moja.

Wenyeji nao wanalia. Serikali ya jiji ilijaribu kuzuia kodi zisipande kwa sheria ya mwaka 2020, na Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ikaitangua; Septemba mwaka huohuo zaidi ya nusu ya wapigakura wa Berlin waliunga mkono kutaifisha nyumba za makampuni makubwa. Nyumba hizo bado zi mikononi mwa makampuni. Ikiwa Mjerumani aliyezaliwa hapa anahangaika hivi, usitarajie kwamba wewe utafunguliwa mlango kwa tabasamu.

Watakaokufungulia upesi ni ndugu zetu wenyewe, na hili nalisema kwa uchungu. Utapewa godoro katika chumba cha watu watatu, utozwe euro 400 mkononi bila risiti, na ukiomba fomu ya kuandikisha anwani utaambiwa haiwezekani, kwa kuwa mwenye kukupangisha naye hana ruhusa ya kupangisha. Wapo pia wanaouza anwani tupu. Usinunue; anayetoa anwani ya uongo anaweza kutozwa faini ya hadi euro 50,000, nawe hutabaki salama.

Sasa huo mkono wa birika. Hesabu ya joto na maji hufanywa mara moja kwa mwaka, na mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kwisha kukuletea. Gesi ilipopanda bei baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, barua hizo ziliwafikia watu wakiwa wameshaisahau baridi yenyewe. Yangu ilikuja katikati ya Ramadhani, nyinyi mkingojea pesa za futari na nguo za Idi za watoto, nikawa nalipia joto la mwaka uliopita. Mwezi ule nilituma nusu. Waliosema harusini wangeniuliza kwanza.

Kwa hiyo usije. Na kama huna budi kuja, basi usije Berlin. Leipzig, Magdeburg na Chemnitz kodi ni nafuu zaidi, ingawa mimi mwenyewe sihami, kwa kuwa hapa nina msikiti wangu, nina watu wa kuzungumza nao Kiswahili, na mkataba wangu wa zamani una kodi ambayo siwezi kuipata tena popote mjini. Soma Kijerumani huko huko hadi kiwango cha B2, kwa sababu dalali hajibu ombi lililoandikwa ovyo. Usitume amana kwa nyumba ambayo hujaiona wewe au mimi, hata ukionyeshwa picha za pasipoti ya mwenye nyumba. Amana kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu, hata ukiambiwa uilete yote siku ya ufunguo. Kiwanja usikiuze, kikodishe, ukope, fanya utakavyo, lakini hati ibaki kwa mamako.

Kwa kazi ya uuguzi uliyoiomba, baadhi ya hospitali huwapa wageni chumba katika hosteli za wafanyakazi, na chumba hicho kina thamani kuliko nyongeza yoyote ya mshahara. Kwangu kochi la sebuleni lipo, ni lako kwa mwezi mmoja, na chakula ni juu yangu. Anwani yangu siwezi kukupa uandikishe, kwani mkataba wangu unataka idhini ya mwenye nyumba kwa kila anayehamia, na nilipoomba kwa ajili ya rafiki nilikataliwa. Kabla hujakata tiketi, nitumie nakala ya mkataba wa kazi nisome sehemu inayohusu makazi.