Umeokoka siku nyingi ila hukui? Kabla hujaenda semina nyingine, soma hapa

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimepata meseji ya binti mmoja anayenifuatilia, ameniruhusu niisimulie bila kumtaja. Anasema, "Dada, nimeokoka siku nyingi, mahubiri nasikiliza asubuhi mpaka jioni, semina sikosi, mikesha sikosi, lakini mtu akinikwaza kidogo tu nalipuka vilevile kama zamani. Mbona sikui?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, voisi ikawa ndefu kama mahubiri ya Pasaka, nikaifuta. Nikasema acha niandike, maana najua wengi mna swali hilohilo ila mnaona aibu kuuliza, hasa nyie mlio kwenye huduma.

Kwanza nikwambie, mwandishi wa Waebrania alishakutana na watu wa hivyo. Soma sura ya 5 kuanzia aya ya 12. Anawaambia muda wote huu mngekuwa mmeshakuwa walimu, lakini bado mnataka maziwa. Wengi tunaishia hapo, kwenye kugombezwa. Ila aya ya 14 ndo ina kitu, inasema chakula kigumu ni cha watu wazima "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya". Kwa kutumiwa. Zimezoezwa. Hasemi akili zilizohudhuria. Mtu anaweza kuwa amekaa kanisani tangu utotoni na bado hajafanya zoezi hata moja, amesikiliza tu.

Sasa mimi hili sikulijua kwa kusoma, nililijua kwa kuumizwa.

Kuna kanisa nilikuwa naongoza sifa. Sitalitaja na msiniulize inbox. Nilikuwa naimba kweli, sijisifu, waliokuwepo wanajua, kuna siku nilikuwa naanzisha wimbo tu watu wameshapiga magoti. Akaja kiongozi mpya wa idara. Jioni moja grupu la WhatsApp likalia, ratiba mpya ya waimbaji hiyo hapo, nikafungua kwa furaha kabisa nione nimepangiwa lini. Jina langu hakuna. Nikashuka mpaka mwisho, hakuna, nikapanda tena juu labda nimeruka, hakuna. Chini ya ile ratiba watu wanaweka magumba, vile vidole gumba vya kukubali, na "Amina mtumishi". Wale niliofanya nao mazoezi kila Jumamosi, niliowafundisha sauti mimi mwenyewe, magumba na Amina. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona fulani hayupo.

Hakuna aliyeniita pia. Sababu nilikuja kuisikia pembeni, kwamba "bado hajakomaa kiroho". Jamani. Hiyo sentensi ilinikaa kifuani muda mrefu, na sio kwamba ilikuwa kweli au uongo, hilo nimeshamwachia Mungu, ila kama unaona mtu hajakomaa si ndo unamwita, unakaa naye, unamfundisha? Nimesamehe kabisa. Ila nakumbuka hata rangi ya ile ratiba.

Basi Jumamosi ikafika sina pa kwenda. Nikachukua daftari na Biblia nikasema leo nasoma kitabu kizima, sio aya ya leo, sio ile ya kuweka statasi. Nikaokota Wafilipi kwa sababu ni fupi tu, sura 4, aya 104, ukikaa bila simu unaimaliza kabla hujachoka. Sura ya kwanza sijafika mbali nakuta Paulo yuko kifungoni na kuna watu huko nje wanahubiri kwa husuda na fitina, wakitaka kumwongezea dhiki kwenye kufungwa kwake. Nikasema ee, huyu ananijua. Nikasubiri awachane. Aya ya 18 anasema, "Yadhuru nini? Lakini kwa njia zote, ikiwa kwa hila, ikiwa kwa kweli, Kristo anahubiriwa. Na kwa hiyo nafurahi."

Nikafunga Biblia nikaenda kufua.

Kesho yake nikarudi tena mwanzo. Na keshokutwa. Sitawachosha na habari za katikati, maana nyingi zilikuwa kusoma, kukasirika, kulala. Ninachotaka mkione ni kwamba kitabu kilekile kimoja, ukikirudia na kukirudia, kinafika mahali kinaacha kukupendeza na kinaanza kukushughulikia. Mfano ile 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", nani hajawahi kuiandika? Tunaiweka kwenye mitihani, kwenye biashara, kwenye picha za harusi. Lakini ukisoma kutoka aya ya 11 unakuta mwenye maneno anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, anajua kudhiliwa na anajua kufanikiwa, anajua kushiba na anajua kuona njaa. Kudhiliwa, kushushwa! Yani hayo mambo yote anayoyaweza, kutolewa kwenye ratiba na magumba juu yake nayo imo. Aya moja ya statasi isingeniambia hivyo hata siku moja. Tunaruka aya kwa aya kama panzi halafu tunashangaa hatujui Biblia inasema nini.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ndo huo, chagua kitabu kimoja kifupi ukae nacho. Wafilipi, Yakobo, Waraka wa kwanza wa Yohana. Kisome chote, kesho kisome chote, na kila ukimaliza andika sentensi moja tu kwenye daftari: leo nafanya nini kwa sababu ya hiki nilichosoma. Sio "nimejifunza kwamba Mungu ni mwema", hiyo hata ambaye hajasoma anaiandika. Andika kitu ambacho jioni unaweza kujiuliza nimefanya au sijafanya. Siku niliyofika 2:14, "Yatendeni mambo yote pasipo manung'uniko wala mashindano", nikaandika: leo simpigii simu yule rafiki yangu kumsimulia ya ile idara. Ilikuwa siku ndefu, sijawahi kuona.

Mipango ya kumaliza Biblia kwa mwaka siipingi, nimewahi kuimaliza na nilifurahi. Sura 1,189 gawa kwa siku 365, ni sura tatu au nne kwa siku, inawezekana kabisa. Ila wengi wanafika Mambo ya Walawi wanaachia, halafu wanajihukumu mpaka Januari nyingine. Mtu aliyekwama ni bora akae na Wafilipi.

Cha pili, maombi. Hapa naongea na wenzangu wa jukwaani. Ukiwa na huduma unaomba sana mbele za watu, unaomba vizuri, sauti inapanda inashuka, watu wanasema huyu ana upako. Sasa jiulize wakikutoa jukwaani leo unabaki na nini. Mathayo 6 Yesu anataja mambo matatu, sadaka, sala na kufunga, na yote matatu anayasemea kitu kilekile, fanya sirini, Baba yako aonaye sirini ndiye atakayekujazi. Na yeye mwenyewe alifanya hivyo, Marko 1:35 anaamka alfajiri na mapema sana anaenda mahali pasipo na watu anaomba, na hiyo ni asubuhi ya baada ya jioni ambayo mji mzima ulikusanyika mlangoni kuponywa. Wanafunzi wanamfuata wanamwambia watu wote wanakutafuta, yeye anasema twendeni kwingine. Mimi ningerudi palepale penye watu, tena mbio.

Kwangu mimi maombi ya siri yalikuwa makavu. Nilipiga magoti maneno yakawa hayapo, maana nilizoea kuomba watu wakiitikia. Kilichonisaidia ni Zaburi. Ziko 150, ukisoma tano kwa siku kwa siku 30 umezimaliza, na watawa waliofuata utaratibu wa Benedikto, mtawa wa Italia, tangu karne ya 6 walikuwa wanazipitia zote kila wiki, kwa hiyo hakuna kitu kigeni hapo. Uzuri wake zinakupa maneno ambayo wewe ungeogopa kuyasema. Zaburi 13 inaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Nani anaomba hivyo kwenye mkesha? Na Zaburi ya 55 ndo ilinimaliza, anasema kama aliyenitukana angekuwa adui ningevumilia, "Bali ni wewe, mtu mwenzangu, Rafiki yangu, niliyejuana nawe sana", halafu anaongeza kwamba walikuwa wanakwenda pamoja nyumbani mwa Mungu. Nyumbani mwa Mungu, mnaona? Nilisoma kwa sauti nikalia mpaka kamasi. Daudi alishaona ratiba.

Na ukiisoma hiyo Zaburi soma mpaka mwisho, usiishie pale panapokufurahisha. Kuna watu wanazipenda Zaburi za kuangamiza adui tu, kila adui ni jirani au shemeji. Huko ndugu zangu hakuna kukua.

Kufunga nitagusia kidogo. Funga, ni vizuri, ila Isaya 58 iko wazi kwamba kuna watu walifunga huku wanagombana na kuwaonea wafanyakazi wao na Mungu hakuikubali ile funga. Kama umefunga na nyumbani kila mtu anakukimbia kwa ukali wako, kula tu, nyumba ipate amani. Na wenye vidonda vya tumbo, wajawazito na wanaotumia dawa, kaongee na daktari kwanza, msije mkasema dada alisema.

Cha tatu ndo kigumu na ndo watu wengi hawakitaki, kuwa na mtu wa kukuuliza. Sio kukuombea, kukuuliza. Kuna mama mmoja mtu mzima, tulikuwa tunakaa naye benchi la nyuma baada ya mimi kutoka sifa, mama asiye na cheo chochote. Siku hiyo nimemsimulia mkasa wangu wote kwa mara ya sijui ngapi, akanyamaza, akafunga zipu ya mfuko wa Biblia yake taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, leo umemwombea?" Nikasema nani? Akasema huyohuyo unayemsema. Nikakosa jibu. Jumapili iliyofuata kabla hata hatujasalimiana vizuri, "Umemwombea?" Nikajua huyu mama hataniacha. Nikaanza kumwombea yule kiongozi ili tu Jumapili nipate cha kujibu, nakwambia ukweli, nia haikuwa takatifu hata kidogo. Lakini ukimtaja mtu kwa jina mbele za Mungu kila siku, na watoto wake, na afya yake, inafika siku unakutana naye mlangoni unamsalimia na mikono haitetemeki. Hiyo kwangu ilikuwa ishara kubwa kuliko semina zote nilizowahi kukaa mstari wa mbele.

Hili nalo si jipya. John Wesley, yule mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, kule Uingereza mwaka 1738 aliandika kanuni za vikundi vidogo vilivyokutana kila wiki, na moja ya kazi yao ilikuwa kuulizana waziwazi dhambi gani umefanya tangu tulipoonana. Waziwazi! Siku hizi tukikutana kwenye vikundi tunaulizana nani ana ombi, mtu anasema niombeeni safari, tunaomba, tunaagana. Yakobo 5:16 imesema tuungamiane na kuombeana tupate kuponywa, sisi tumechukua kuombeana tumeacha ile nyingine. Halafu tunalalamika hatukui. Utakuaje wakati hakuna anayekujua? Watu wanajua suti yako, wanajua sauti yako, wanajua mstari unaoupenda. Acheni kujificha kwenye huduma wapendwa, jukwaa halikomazi mtu, na nasema hivi nikijua leo hii baadhi ya walioweka magumba ndo wananitafuta niwafundishe. Nakwenda, nafundisha. Mungu ni mwaminifu.

Sasa binti yangu uliyeandika, anza na Wafilipi wiki hii na zile meseji za mahubiri uzipunguze, moja kwa siku inatosha. Ukifika 4:2 usikimbie. Kuna wanawake wawili pale, Euodia na Sintike, wamekosana, na hao walikuwa watenda kazi pamoja na Paulo kwenye Injili, sio wachanga. Biblia haisemi waligombea nini wala nani alikuwa na kosa. Iliniudhi sana hiyo mwanzoni, maana nilitaka kujua nani mwenye haki ili nijilinganishe naye. Paulo hasemi. Anawasihi wote wawili wawe na nia moja, halafu aya ya 3 anamgeukia mtu wa tatu, "mjoli wa kweli", yani mtenda kazi mwenzake, anamwomba awasaidie. Huyo mtu wa tatu ndo mtafute, mmoja tu, wa jinsia yako, aliyekuzidi umri kama inawezekana na asiyependa umbea. Mwambie kitu kimoja unachotaka akuulize na mpange siku ya kukutana, siku na saa kabisa, sio "tutawasiliana". Na kama kanisani kwako umeangalia ukakosa kabisa mtu wa hivyo, nirudie inbox tuone.