Maswali na majibu: Ubao wa kasia, ndoana, na maji usiyoyajua

Tangu nigusie uvuvi wa kutumia ubao wa kasia, ule wa kujaza upepo na kusimama juu yake, maswali hayakauki, hasa kutoka Arusha na Moshi. Nimechagua machache. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayahitaji zaidi.

Shikamoo mzee. Nipo Njiro, nataka kuanza kuvua kwa ubao wa kasia. Ninunue ubao gani mzuri na wa bei nafuu?

Marahaba. Swali hili linakuja kila mara, na kila mara linakosa mambo matatu: una kilo ngapi, unajua kuogelea, na utaenda kwenye maji gani. Muuzaji hatakuuliza hayo. Atakuonyesha rangi.

Haya, tuseme wewe ni mtu wa kilo 80. Tafuta ubao wenye upana wa sentimita 80 hadi 90, urefu wa mita 3.2 hadi 3.6 na unene wa sentimita 15. Ule mwembamba wa mashindano unapendeza kwenye picha, ila ukigeuka nyuma kuchukua chambo tu, umo majini. Angalia pia uzito ambao ubao umeandikiwa kubeba. Watu hujihesabu wao wenyewe, wakasahau ndoo, kisanduku cha ndoana, maji ya kunywa na samaki wenyewe. Ubao uliolemewa hauzami, lakini unakaa chini mno, unayumba, na kila kasia inakuwa kibarua.

Ushauri wangu hasa ni huu: usinunue kwanza. Nenda Ziwa Duluti pale Tengeru ukiwa mikono mitupu. Ziwa ni dogo, lipo ndani ya kreta, na kuta za kreta pamoja na msitu vinalikinga na upepo. Panda mtumbwi wa wageni, piga kasia, ukae majini asubuhi nzima. Kwa kuwa ile ni hifadhi ya msitu, uliza langoni kama ubao wako na ndoana yako vitaruhusiwa. Ukirudi nyumbani bado una hamu, tuzungumze habari ya ubao. Nimeshaona mbao nyingi zimekunjwa stoo, zimelaliwa na paka, na wenye nazo hawajawahi kuuliza maji yao yana nini.

Kuogelea sijui vizuri, lakini nitavaa jaketi la kuokolea. Inatosha?

Haitoshi. Jaketi litakuweka juu ya maji, halitakurudisha kwenye ubao. Utaanguka, hilo si suala la kama, ni la saa ngapi. Kabla hujashika ndoana, tafuta bwawa la kuogelea ambalo mwenyewe atakuruhusu kuingia na ubao, uvae jaketi, ujiangushe makusudi, kisha upande tena. Mkono mmoja ushike mpini ulio katikati ya ubao, miguu ipige maji mpaka mwili ulale juu ya maji, ndipo uvute kifua juu ya ubao. Anayejaribu kupanda huku miguu inaning'inia chini anaupindua ubao, unamfunika. Rudia mpaka uweze ukiwa umechoka, maana siku ya kuanguka kweli utakuwa umechoka.

Na jaketi livaliwe, lifungwe. Wapo wanaolibana chini ya kamba za ubao kwa sababu ya joto. Hilo ni pambo.

Ni lazima nisimame wakati wa kuvua?

Hapana. Kaa.

Mzee, mimi na wenzangu wawili wa Pasua tunaenda bwawa la Nyumba ya Mungu wiki ijayo. Vifaa vyote tumeshanunua. Kuna la kuzingatia?

Mmeshanunua vyote, ndiyo mnauliza. Sawa.

La kwanza ni mamba na viboko. Bwawa hili lilitengenezwa miaka ya 1960 kwa kuzuia maji ya Kikuletwa na Ruvu, na yanayotoka hapo ndiyo Mto Pangani. Mito haikuleta perege na kambale peke yao. Mvuvi wa pale ana mtumbwi wenye kuta, na hata hivyo kuna sehemu hasogei. Wewe miguu yako ipo kwenye usawa wa maji. Kwa hiyo kabla ya kujaza upepo, nendeni mwaloni. Muwasalimie wazee, muulize ni wapi kiboko analala, ni wapi mamba ameonekana, na sehemu ipi hawaendi alfajiri au jioni. Mkiambiwa "huko hapana", msiulize mara ya pili. Na wakiwaambia kwamba maji yote yale si ya ubao, rudini Moshi. Mafuta ya gari mtayasamehe.

Pili ni upepo. Bwawa ni pana na pembeni ni nyika. Asubuhi panaweza kutulia kabisa, jua likipanda upepo unaamka, na mtu aliyesimama juu ya ubao ni tanga: anasukumwa asikotaka. Anzeni safari kwa kupiga kasia kuelekea upepo unakotoka, ili mkichoka uwarudishe. Wengi hufanya kinyume. Wanateleza na upepo huku wanacheka, saa nne inafika, na ufuko wa kurudi upo upepo unakotoka. Upepo ukiwazidi, piga magoti. Ukizidi zaidi, lala kifudifudi upige maji kwa mikono, kasia likiwa chini ya kifua. Usiuache ubao kamwe ukajaribu kuogelea hadi nchi kavu.

Tatu, nyavu. Ukiona chupa za plastiki zinaelea kwa mstari, hizo si takataka, ni maboya ya wavu wa mtu. Pezi lililo chini ya ubao wako likinasa pale unaanguka, na wavu wa watu unaharibika. Zunguka mbali. Chakula cha mtu ni muhimu kuliko burudani yako.

Nne, leseni. Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na kuvua kwa kujifurahisha hakukutoi humo. Muulizeni afisa uvuvi wa wilaya, mwulizeni pia kama bwawa limefunguliwa, kwa sababu limewahi kufungwa ili samaki wazaliane.

Hamkuuliza kuhusu kichocho, nami nitawaambia. Maji yaliyotulia, yenye majani na konokono kandokando, ndiyo makazi yake, na kijidudu kinaingia kwenye ngozi bila wewe kuhisi kitu. Usishinde umesimama kwenye matope ya ufukweni ukirekebisha mishipi. Baada ya wiki kama sita hivi nendeni mkapime hospitali, hata kama hamuumwi. Dawa ipo na inatibu.

Vipi Ziwa Chala? Nasikia maji yake ni masafi na mazuri sana.

Ni mazuri, na mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba akiogelea upande wa Kenya. Ongeza kwamba lipo ndani ya kreta yenye kuta za mwinuko, ukipata shida msaada hauji haraka, na kwamba kuna aina ya perege iliyoko Chala ambayo asili yake ni hapo tu duniani. Nenda ukaliangalie kwa juu, upige picha.

Na Momella?

Maziwa ya magadi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Flamingo wanajua walichofuata pale. Wewe umefuata nini na ndoana?

Nipo Sakina. Nilijaza ubao Dar, nikaufunga juu ya gari mpaka Arusha. Nilipofika ulikuwa mgumu kama mbao kavu. Je, umeharibika? Na pampu ya mkono inanichosha, naweza kwenda kwa fundi pancha?

Hili ni swali zuri, la mtu aliyetazama. Dar ni usawa wa bahari, Arusha ni kama mita 1,400 juu yake. Hewa ya nje huku ni nyepesi zaidi, kwa hiyo ile uliyofungia ndani inasukuma kwa nguvu zaidi, kama paundi 2 kwa inchi ya mraba juu ya ulizojaza. Jua la juu ya gari linaongeza. Baridi ya Arusha inapunguza kidogo. Kagua mishono ya pembeni na gundi ya pezi. Kama hakuna uvimbe, umepona. Safari nyingine uukunje, ujaze ukifika. Na ukitoka majini saa sita usiuache juani ukiwa umejaa. Punguza hewa au uweke kivulini.

Kwa fundi pancha usiende. Kompresa yake imezoea tairi, inajaza kwa kasi, na mkono wake unapima kwa mazoea. Mbao nyingi zinataka paundi 12 hadi 15. Soma zilizoandikwa kwenye wako. Pampu ya mkono ina tabia moja: mwanzoni geji haisogei kabisa, mtu anadhani ni mbovu, anaacha akiwa na paundi 7. Ubao wa paundi 7 unabonyea katikati unaposimama, kisha mwenye nao ananiandikia kwamba ameuziwa ubao mbovu.

Nikinasa kambale mkubwa nifanyeje?

Kwanza piga magoti. Kasia lipite chini ya kamba za mbele lisiondoke na maji. Mwache samaki akuvute. Ubao utageuka umfuate, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Usimpandishe akiwa na nguvu. Akichoka, mlete upande mmoja bila kuinamia nje, weka kitambaa kilicholowa juu ya kichwa chake, umshike nyuma ya yale mapezi mawili ya kifuani. Kila pezi lina mwiba mgumu mbele, na akijipinda unakuchoma kiganja kama msumari. Kile kijino cha ndoana kinachomzuia samaki asichomoke kibanwe kwa koleo kabla ya kutoka nyumbani, ili ikikuingia wewe itoke.

Nataka kujaribu Mto Kikuletwa. Ile kamba ya kufunga mguuni ili ubao usikuache ni ya lazima?

Mtoni ile ya mguuni ni hatari. Ikinasa kwenye mzizi, maji yanakulaza chini na huwezi kuinama kinyume cha mkondo kuifungua. Kwenye maji yanayotembea hutumika kamba ya kiunoni yenye kifungo cha kuachia kwa mvuto mmoja. Ziwani ya mguuni ni sawa, tena usiende bila hiyo, kwa sababu ubao usio na mtu unakimbia na upepo kuliko unavyoogelea. Lakini wewe ni mwanafunzi. Mtoni usiende.

Nanga ya kilo ngapi, na niifunge wapi?

Kilo moja na nusu hadi mbili kwenye maji yaliyotulia. Ifunge mbele au nyuma, usiifunge ubavuni, kwa kuwa upepo ukija wa pembeni kamba itavuta ukingo chini na utapinduka. Kamba iwe ndefu angalau mara tatu ya kina cha maji, na kisu kiwe kwenye jaketi lako, si ndani ya ndoo.