Unayeshindwa kuvuka ukurasa wa 10, anza kwa kukaa bure

Mkuu, umeuliza kama ni uvivu: kazini Jumatatu hadi Jumamosi, nyumbani unafika saa mbili usiku, riwaya umenunua tatu na hakuna uliyoivuka ukurasa wa 10. Si uvivu. Unafungua kitabu huku kichwa bado kiko kazini. Macho yanapita kwenye mistari, akili inajibu meseji za bosi, na baada ya kurasa 3 hukumbuki nani ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo usianze na kitabu. Anza kwa kukaa bure, dakika 15 hivi. Ukishaoga na kula, toka kibarazani au tandika mkeka mlangoni. Simu ibaki chumbani, siyo mfukoni. Redio zima. Dakika 5 za mwanzo ni ngumu: mkono utapapasa mfukoni kutafuta simu na mambo ya kazini yatakuja yote kwa mkupuo. Kaa na kalamu na kipande cha karatasi. Linalong'ang'ania liandike kwa neno moja, basi. Baadaye utaanza kusikia pangaboi, mbwa wa jirani, watu wanaopita. Hapo sasa fungua kitabu. Waliojenga Mji Mkongwe wa Unguja waliweka baraza za mawe ukutani, nje ya mlango, na mpaka leo watu wanakaa hapo jioni bila haja ya kueleza wanafanya nini. Kukaa kulitengewa mahali pake kabisa.

Usisomee kitandani ukiwa umechoka, mgongo ukishalala tu na macho yanafuata. Kiti chenye egemeo kinatosha. Taa itokee ubavuni, maana ya darini ikiwa nyuma yako kivuli cha kichwa kinaangukia ukurasa.

Chagua kitabu cha kurasa 100 hadi 160, chenye sura fupi, au hadithi fupi. Ila wembamba usikudanganye: Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ni nyembamba, lakini ni ngumu kueleweka, si ya kuanzia kwa mtu aliyetoka kwenye foleni. Kurasa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kitabu cha kurasa 160 kinaisha kwa wiki 4. Funga katikati ya tukio, siyo mwisho wa sura. Kesho utarudi kwa hamu. Na tafadhali, achana na malengo ya vitabu 50 kwa mwaka. Ukianza kuhesabu umejiongezea ajira ya pili.

Mchana pia upo. Kwa Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Wengi tunakula mbele ya kompyuta na dakika 40 zinapotea bure. Kula, kisha kaa chini ya mwembe dakika 20 bila kitu mkononi.

Kwenye daladala ukiwa umesimama usihangaike na kitabu, tazama dirishani. Na usiku ambao dakika 15 zimekwisha na kichwa bado kinachemka, usifungue kitabu kabisa. Endelea kukaa mpaka usingizi uje.