Shekhe, nilichora alama nikaichoma na kazi ikapatikana, je hiyo ni sihiri?

SWALI: Asalam aleikum shekhe. Mimi ni kijana wa miaka 24, nakaa Pangani, nimekaa bila kazi tangu nimalize chuo. Nikaanza kuangalia video za wazungu wanaosema uchawi si majini wala nini, ni akili yako tu, ukiingia kwa hali fulani unaipatia amri na inafanya. Basi nikaandika NATAKA KAZI, nikatoa herufi zinazojirudia, zilizobaki nikaziunganisha zikawa mchoro. Usiku nikazima stima, nikawasha mshumaa mbele ya kioo, nikapumua haraka haraka mpaka vidole vikafa ganzi, na uso wangu kwa kioo ukageuka ukawa wa mzee fulani simjui. Nikauchoma mchoro na maagizo yalikuwa niusahau kabisa. Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu ya kazi. Saa hii naogopa. Ni shirki? Mshahara ni halali? Na kinachonisumbua zaidi, Alhamisi usiku kwa dhikri huwa naskia mwili unakuwa mwepesi vile vile. Sasa tofauti iko wapi?

JIBU: Waaleikum salam warahmatullah wabarakatuh. Mwanangu, wacha kwanza tumtoe huyo mzee kwa kioo ndio upate kulala.

Ukipumua haraka bila kazi ya kukuchosha unatoa hewa chafu nyingi kuliko inavyotakiwa, kaboni dayoksaidi inapungua kwa damu, mishipa inayopeleka damu kwa ubongo inabana, unaskia kizunguzungu na vidole na midomo inakufa ganzi. Hiyo haitaki jini, inataka mapafu tu. Na kioo pia kina mambo yake. Mwaka 2010 mtafiti wa Italia, Giovanni Caputo, aliandika vile alivyowaketisha watu 50 mmoja mmoja mbele ya kioo kwa mwanga hafifu dakika 10, na wengi wakaona uso wao umeharibika, kuna walioona mzee, kuna walioona mnyama, kuna walioona sura ya mzazi wao. Jicho likikazia kitu kimoja gizani linaanza kufuta, na ubongo unajaza pale palipofutika. Huyo mzee ni wewe na mshumaa wako.

Na usidhani haya yamegunduliwa juzi. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Tunis aliyeandika kitabu chake Mukadima 1377, anawataja wale wanaotazamia kwa vioo na bakuli za maji, anasema watu wanafikiri wanaona kitu ndani ya kioo na si hivo, wanatazama mpaka kioo chenyewe kinapotea na kati yao na kioo panatokea pazia kama wingu, picha zinatokea hapo. Tena anasimulia kuna maneno yalikuwa yanasomwa ukilala ili uone kwa ndoto jambo unalolitafuta, akayajaribu yeye mwenyewe, na kweli akaona mambo ya ajabu. Lakini hapo hapo akasema hiyo si dalili kwamba maneno ndiyo yaliyoleta ndoto, yaliitayarisha nafsi tu. Yani jambo limemtokea mwenyewe, limefanikiwa, na bado hajakubali kuvutwa na kufanikiwa kwake. Wewe umepigiwa simu moja ukatetemeka.

Sasa tuje kwa hao walimu wako. Mambo ya kuandika haja, kutoa herufi zinazorudia na kufanya mchoro yanatoka kwa msanii mmoja wa London, Austin Osman Spare, alizaliwa 1886 akafa 1956. Baadaye kina Peter Carroll miaka ya sabini wakaipanga vizuri, wakasema hali yenyewe unaweza kuifikia kwa kutulia sana ama kwa kujichosha na kujisisimua sana, njia ni mbili na mahali ni pamoja. Na kwa nini lazima usahau? Kwa maneno yangu ni hivi, akili iliyo macho wanaiona kama soja wa geti la ploti, inauliza uliza, we nani, unaenda wapi, umebeba nini. Kwa hiyo unamsubiri asinzie halafu unapitisha mzigo wako umefungwa karatasi isiyosomeka. NATAKA KAZI ina herufi 10, ukitoa za kurudia zinabaki 6, ukiziunganisha hakuna mtu anaweza kuzisoma hata wewe mwenyewe, na hilo ndilo lengo.

Hebu nikupe ya hapa hapa. Kuna mama mmoja anauza nguo Eastleigh alikuja na hirizi akaniomba niifungue juu imeanza kumtisha. Ngozi nyeusi imeshonwa kwa uzi wa viatu. Ndani kulikuwa na karatasi ya daftari ya shule, imechorwa vyumba tisa vya namba, ukijumlisha mstari wowote unapata 15, na kwa pembe kuna herufi nne za Kiarabu, be, dali, wau, he. Hiyo ni buduhi, ya zamani sana, iko kwa vitabu vya talasimu karne na karne. Nikamuuliza mama, hii inasema nini? Akaniambia, "Yule mzee alisema nisiulize." Alilipa elfu nane kwa kitu cha kutouliza! Sasa linganisha na karatasi yako. Yako ya London, yake ya mganga wa matangazo ya kubandikwa kwa nguzo za stima, na sharti ni moja.

Hapa ndipo nataka unielewe, kwa sababu swali lako la dhikri linajibika hapa. Soma Surat Nnisai aya ya 43, msikaribie sala hali mmelewa *mpaka mjue mnayoyasema*. Aya hii ilishuka kabla pombe haijaharamishwa moja kwa moja, na sababu iliyotajwa ni kujua unachosema. Halafu hadithi ya bibi Aisha kwa Bukhari na Muslim, mtu akisinzia kwa sala alale kwanza, kwa sababu huenda anataka kuomba maghufira kumbe anajitukana. Na Mtume swallallahu alaihi wasallam aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa kati ya nguzo mbili, akauliza, akaambiwa ni ya mkewe Zainab, akichoka kusali anajishikilia hapo. Akasema ifungueni, mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae. Angalia hapo, kujichosha mpaka akili iregee ni mlango ambao watu wa dunia nzima wanaupitia kutafuta hali, na yeye ameufunga, tena kwa mtu wa ibada, wa nyumbani kwake.

Hata rukya, yani kumsomea mgonjwa, Maswahaba walipomuuliza alisema nionyesheni rukya zenu, hakuna ubaya ikiwa hakuna shirki. Ibn Hajar, mwanachuoni wa hadithi, anataja masharti matatu ambayo wanavyuoni wamekubaliana, iwe kwa maneno ya Allah ama majina na sifa zake, iwe kwa Kiarabu ama lugha inayofahamika maana yake, na uamini haifanyi kazi yenyewe bila Allah. Inayofahamika! Yani tunarudi kwa soja yule yule, kwetu haombwi asinzie, anaombwa asikilize.

Kwa hiyo wepesi unaouskia kwa dhikri si dhambi na pia si cheti. Kupumua kwa mpangilio, sauti za watu wengi, mwili unaitikia, ni huo huo mwili ulioenda nao kwa kioo. Ukilia kwa sababu umelielewa neno, alhamdulillahi. Ukiona unasubiri ule wepesi na neno lenyewe limekuponyoka, punguza mwendo, kaa, urudie ukijua.

Kuhusu kama sihiri ni akili tu, wanavyuoni walishalizungumza. Al-Jassas, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi, aliona ni kiini macho na hila, na wachawi wa Firauni Kurani inasema waliroga macho ya watu, Aaraf 116. Lakini jamhuri, yani wanavyuoni wengi, wanasema iko na ina athari kwa idhini ya Allah, kwa Bakara 102, na kisa cha Labid bin Aasam aliyemfanyia Mtume kwa kitana na nywele. Mimi niko na jamhuri, ila sioni sihiri kila mtu akiumwa kichwa.

Wewe hukumwita jini wala hukumwomba asiyekuwa Allah, kwa hiyo sikwambii umetoka kwa dini, hasha. Lakini ulikifanya kitu kuwa sababu na Allah hakukifanya sababu, si kwa sheria wala kwa maumbile, na hiyo wanavyuoni wengi wanaiita shirki ndogo, na ni mlango wa kubwa. Leta toba, usirudie. Mshahara ni halali kama kazi yenyewe ni halali. Ulituma sivii ngapi kabla ya mshumaa? Basi ni moja ya hizo iliyojibiwa.

Na kama daftari lina michoro mingine ichome pia, lakini mchana, jikoni, na taa imewaka. Wallahu aalam.