Maswali ya Wasomaji: Mtu wa Mbao wa Mazoezi

Toleo hili tumekusanya maswali kuhusu mtu wa mbao wa Wing Chun, sanaa ya mapigano ya Kichina: lile gogo lenye mikono mitatu na mguu mmoja ambalo mwanafunzi hulitumia kujifunza pembe, umbali na hatua za miguu.

SWALI: Nilipata gogo bichi la mkaratusi, kipenyo sentimita 24, urefu mita moja na nusu. Kabla sijatoboa hata tundu moja limepasuka kutoka juu hadi chini. Nizibe kwa gundi niendelee?

JIBU: Usizibe kitu kwa sasa. Mti ukikauka husinyaa zaidi kuuzunguka mduara wake kuliko kuelekea kiini, takriban mara mbili, kwa hiyo gogo zima lenye kiini ndani lazima lipasuke mahali fulani. Ukijaza gundi na unga wa mbao likiwa bado linakauka, kijazo kitang'oka au ufa mpya utatokea pembeni. Mkaratusi nao ni mkorofi zaidi, maana nyuzi zake mara nyingi huzunguka na ufa hufuata mzunguko huo.

Ligeuze gogo ili ufa huo uwe mgongoni. Kama haujafika karibu na kiini, upitishie msumeno uufikishe huko, ili kusinyaa kote kuishie hapo na upande wa mbele ubaki mzima. Paka rangi nzito au nta kwenye ncha zote mbili, kwani maji hutoka upesi zaidi nchani. Toboa matundu mapema, lakini madogo kuliko kipimo cha mwisho: yatasaidia hewa kuingia ndani, nawe utayanyoosha kwa patasi gogo likishakauka. Kujua limekauka, lipime uzito kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, endelea na kazi. Mafundi hukadiria mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ubao. Kwa gogo kama lako, hesabu mwenyewe.

Ndiyo maana asiye na subira tunamshauri aunganishe mbao kavu. Chukua mbao nane zenye unene wa sentimita 4.5 na upana wa 9.5, kata kingo zote kwa pembe ya nyuzi (digrii) 22.5, uzigandishe ziwe bomba la pembe nane, kisha uchonge kwa randa hadi liwe duara la sentimita 23 hivi. Zipange kwanza bila gundi na kuzifunga kwa kamba au mikanda. Kosa la nusu nyuzi kwenye kila ukingo huongezeka mara kumi na sita, na ubao wa mwisho hautakaa. Ndani panabaki uwazi, lakini hilo si tatizo, kwa sababu kila mkono unashikwa na ukuta wa mbele na wa nyuma.

SWALI: Mikono miwili ya juu inapitaje ndani ya gogo bila kugongana? Na baada ya kuiweka inalia na kuchezacheza. Niikaze kwa kabari?

JIBU: Tuanze na kabari: hapana. Mikono inatakiwa kucheza. Tundu likiwa na milimita 40 kwa 40, ulimi wa mkono, yaani sehemu ya mraba inayoingia tunduni, uwe 38 kwa 38. Nafasi hiyo hupunguza mshtuko unaorudi kwenye mfupa wako, na mlio wa "tak" unakujulisha kama umegusa sawasawa. Mkono uliobanwa hupeleka nguvu yote shingoni, pale ulimi unapokutana na sehemu ya duara, na ndipo unapovunjika. Tena unyevu ukizidi mbao huvimba, na huo mkono hutautoa tena bila nyundo.

Kupishana kwake ni hivi. Chora mstari wa katikati mbele na mwingine nyuma. Mbele, weka alama sentimita 3.2 kulia na 3.2 kushoto, moja ikiwa juu ya nyingine kwa sentimita 4.5. Nyuma weka alama hizohizo kwa kubadilisha upande: tundu linaloanzia kulia litokee kushoto, kwa kimo kilekile. Toboa kutoka pande zote mbili mkutane katikati, maana keekee ikitoboa moja kwa moja hupotea njia na kung'oa vipande inapotokea. Kisha nyoosha pembe kwa patasi. Mikono itapanuka yenyewe, na ncha zake zitaachana kama sentimita 23.

Ili ncha hizo ziwe kimo kimoja ingawa matundu hayako sawa, ulimi usikae katikati ya mkono. Anza na mti wa sentimita 7.5 kila upande, urefu 60, na uchonge ulimi sentimita 2.25 nje ya mhimili wa sehemu ya duara. Chonga miwili inayofanana, mmoja uupindue. Sehemu ya nje iwe sentimita 30, unene 5.5 shinani na 3 nchani. Shingoni pachongwe kwa mviringo. Ukiacha kona kali, ufa utaanzia hapo. Nyuma ya gogo pitisha kijiti kinachozuia mkono kuchomoka.

Mkono wa tatu ni rahisi: mstari wa katikati, sentimita 23 chini ya ile ya juu, unanyooka tu.

SWALI: Mguu umevunjika gotini mara ya pili. Niliukata wote kutoka kwenye ubao mmoja mnene.

JIBU: Nyuzi za ubao hunyooka, mguu hupinda. Gotini nyuzi zikawa fupi, na mbao ya nyuzi fupi hukatika kama biskuti. Tafuta tawi lililojipinda lenyewe, au unganisha vipande viwili kwa kupunguza kila kimoja nusu ya unene, gundi, na vigingi viwili vya mbao ngumu. Goti lake lilingane na goti lako.

SWALI: Ninaishi ghorofani. Nichimbie wapi?

JIBU: Zamani lilichimbiwa ardhini. Hong Kong, walikokaa ghorofani, wakalitundika kwenye mbao mbili za kunesa zinazopenya gogo kutoka ubavu hadi ubavu. Tumia mbao ngumu zisizo na vifundo, sentimita 2.5 kwa 6, zenye urefu wa mita moja na nusu hivi, zipite mahali pasipokutana na matundu mengine. Ncha zake zikae kwenye fremu bila kupigwa misumari, ili gogo liweze kusogea kidogo. Mikono ya juu iwe usawa wa bega lako. Weka mpira chini ya fremu. Jirani wa chini husikia kuliko wewe.

SWALI: Naweza kutumia nguzo ya umeme iliyotupwa? Na nipake vanishi gani?

JIBU: Nguzo hapana. Nyingi zimeloweshwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na wewe utasugua mikono mitupu juu yake kila siku. Vanishi pia iache, itabanduka kwa magamba yenye ncha. Paka mafuta ya kitani, futa yaliyozidi baada ya robo saa, rudia siku ya pili. Matambara yaliyotumika yatandaze nje yakauke, usiyarundike: hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto.